Waya wa Choki na Jina la Anisia

Sogezeni viti, wanangu, maana sauti niliyobaki nayo haifiki hata mlangoni. Violeth, kaa hapa kitandani uniinue nikianza kukohoa. Marcel, funga dirisha. Eufrasia, weka simu yako juu ya mto, bonyeza hapo pa kurekodi, na usiizime hata ukinisikia nalia, kwa sababu haya ninayoyasema leo nataka yasikike na watu ambao hawamo humu ndani. Katekista Mwigulu nimemwita awe shahidi wa Kanisa, na Mzee Mageni nimemwita awe shahidi wa mtaa. Mzee Mageni, umekuwa jirani yangu hapa Kambarage miaka thelathini, nakuomba jambo moja tu: utakaponisikia nimefika mahali pako, usinyanyuke ukaondoka. Kaa mpaka nimalize.

Mimi Selestine Bujiku, fundi magari, ini langu limeoza na daktari hakunificha. Akili yangu bado nzima. Hati ya nyumba hii iko kwenye sanduku la vyuma, chini ya zile spana kubwa, na nitasema ni ya nani. Lakini kwanza niacheni niwaeleze kilichonikuta wiki tatu zilizopita pale uani, kwa sababu tangu siku ile niko kama mtu aliyepigwa na radi akabaki amesimama, anaongea, anakula, ila ndani hamna kitu.

Eufrasia, nitaanza na wewe. Wenzako wanajua nusu ya habari hii, wewe hata hiyo nusu hukupewa. Ulikuwa na miaka mitatu. Unachokijua ni kwamba ile pikapu nyeupe nyuma ya choo haiguswi, kuku wanatagia kwenye viti vyake, na ukimuuliza mtu mama yako yuko wapi, anakwambia nenda kachote maji.

Kaka yako Deogratias alikuwa kifungua mimba wangu. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mrefu, mcheshi, na mkono wake ulikuwa unashika spana vizuri kuliko wangu. Baba yenu mdogo Ndaki alikuwa na ishirini na saba, na wakati ule alikuwa anapeleka vitu machimboni huko mbele ya Ushirombo: kamba, ndoo, mipira ya kuvutia maji kwenye mashimo. Jumanne moja ya mwezi wa tatu walipakia mzigo wakaondoka hapa alfajiri, Deo akiwa dereva. Mama yenu Anisia aliamka kuwapikia uji wa ulezi, akaujaza kwenye chupa ya chai, akampa Deo mkononi, akamwambia, "Mkifika salama upige simu." Hayo ndiyo maneno yake yote. Nilikuwepo.

Mvua ilinyesha siku ile tangu Kahama. Walipoacha lami na kuingia njia ya machimboni wakakuta korongo limejaa maji, hakuna kupita, wakasogeza gari pembeni wasubiri yapungue, na magurudumu ya nyuma yakazama kwenye tope. Saa kumi na moja jioni kijana wa bodaboda aitwaye Enock, mtu wa Geita, aliyekuwa naye amekwama ng'ambo, alivuka kwa miguu maji yalipopungua, kwenda kuwaomba kibiriti. Alikuta injini inanguruma, vioo vimepandishwa mpaka juu, na wote wawili wameegemea viti kama watu waliochoka na safari. Aligonga kioo. Akagonga tena. Alipofungua mlango, Deo alimwangukia mikononi.

Hawakuwa na jeraha. Hawakutapika damu. Chupa ya uji ilikuwa katikati yao, imenywewa nusu. Na kulikuwa na jiwe, jiwe la kawaida la barabarani ukubwa wa ngumi mbili, limewekwa juu ya pedeli ya mafuta. Tulipoletewa miili hapa, wazee wakawafunua na kila mtu akarudi nyuma, kwa sababu midomo yao na viganja vyao vilikuwa vyekundu, vimeiva kama vya mtu aliyetoka kukamua rosela. Mtu aliyekufa hawi hivyo. Mtu aliyekufa anapauka. Nilishika kiganja cha mwanangu nikakiona kina rangi ya uhai kuliko changu, na nikapiga kelele kwamba hajafa, mumwamshe.

Baada ya matanga akaletwa mfumu, mganga wa ramli, kutoka mbali. Sikumwita mimi, lakini sikumfukuza, na nilimpa kiti. Alitazama lile jiwe ambalo Enock alikuwa ameliacha ndani ya gari, akatazama ile chupa, akasema wawili wale hawakufa kwa Mungu, walinyweshwa, na jiwe liliwekwa pale ili roho zao zisitoke kwenye gari. Akasema aliyewanywesha ni yule aliyepika.

Watu walijaa uani. Mzee Mageni, ulikuwa umesimama pale kwenye mlango wa jiko, na fimbo yako. Walimtoa mama yenu ndani akiwa na kanga ya msiba, Eufrasia uko mgongoni kwake, na wakamuuliza amemtoa mwanawe kwa ajili ya nini, kwa ajili ya kile kigenge chake cha maandazi? Hakulia. Alinitazama mimi. Akasema kwa sauti ambayo hata sasa hivi naisikia, "Baba Deo, mtoto alikupigia simu saa nane mchana. Nilikuwa naosha vyombo, nilikusikia unaongea naye. Waambie ulimwambia nini."

Watu wote wakanigeukia.

Nikasema, "Sikumbuki simu yoyote."

Mzee Mageni, tafadhali. Nilikuomba usinyanyuke.

Nilikuwa naikumbuka. Nilikuwa naikumbuka neno kwa neno, wanangu, na nilisema sikumbuki. Sikujua wakati ule kwamba simu ile ndiyo iliyowaua, naapa mbele ya katekista, sikujua. Nilijua tu kwamba jiwe lile ni mimi niliyesema liwekwe, na niliona jinsi watu walivyolitazama, na nikaogopa. Baba aliyetoka kumzika mwanawe, akaogopa fimbo za majirani. Basi nikamwachia mke wangu fimbo zile.

Walimpa mpaka jua linatua. Mzee Mageni, wewe ndiye uliyemfungua mtoto mgongoni, ukanikabidhi. Aliondoka na begi moja, akapanda lori la mchele, akarudi kwao Ushirombo. Violeth alikuwa na miaka kumi na sita, alikimbia nyuma ya lile lori mpaka njia panda na nikamrudisha kwa mkono. Marcel alikuwa na kumi na mmoja. Marcel, mwaka juzi ulirudi kutoka Isaka na lori lako ukaniambia umemwona mama yako pale kwenye vibanda vya chakula, amekuita jina lako, na wewe ukavuka upande wa pili wa reli bila kugeuka. Nilikujibu nini? Nilikujibu, "Umefanya vizuri, mwanangu." Hilo nalo liandikwe.

Sasa nije kwenye hizi wiki tatu.

Daktari aliponiambia hali yangu, nilijiuliza Marcel nitamwachia nini. Nikasema pikapu. Injini ilikuwa nzima, bodi haijaoza sana, na nikajiambia kwamba uchawi nao una muda wake, miaka kumi na minne inatosha. Nilitaka kukushtukiza, Marcel, ukirudi uikute inawaka, umpakie mjukuu wangu Blessing na mama yake mwende kanisani. Nikasafisha tangi, nikasuuza kabureta, nikaazima betri. Lilipowaka mara ya pili tu nilicheka peke yangu.

Likakaa vizuri dakika chache. Halafu likaanza kuota moshi, moshi mweusi kama wa kuchoma tairi, na harufu ya petroli mbichi, na ukiachia mafuta linatetemeka na kuzima. Nikatoa plagi, zote nyeusi, zimepakwa masizi. Fundi yeyote anajua hapo petroli inazidi hewa. Nikatoa chujio la hewa nikachungulia koo la kabureta, na nikakiona kilango cha choki kimefunga.

Eufrasia, choki ni kilango kidogo cha bati ndani ya koo la kabureta. Injini ikiwa baridi kinafunga, hewa inapungua, petroli inazidi, gari linawaka kirahisi. Injini ikishapata moto lazima kifunguke, la sivyo gari linabwia petroli isiyoungua na kutoa sumu. Magari ya zamani zaidi yalikuwa na kamba ya kuvuta kwa mkono. Hili lina choki ya umeme. Ubavuni mwa kabureta kuna kikopo cheusi cha duara, ndani yake kuna springi iliyojiviringisha kama nyumba ya konokono, na waya mmoja unaipelekea umeme ukishafungua funguo. Umeme unaipasha, springi inajikunjua, kilango kinafunguka chenyewe. Dakika tatu, nne, kazi imekwisha.

Nilikisukuma kilango kwa kidole injini ikiwa inaunguruma. Moshi ukakatika, injini ikatulia kama mtoto aliyepewa ziwa. Nikaachia, kikafunga tena, moshi ukarudi. Nikashika kikopo. Kilikuwa cha baridi. Dakika kumi gari linawaka na kikopo cha baridi! Nikachukua kile kitaa changu cha kupimia, mkia nikaubana kwenye chuma cha injini, ncha nikaigusisha kwenye waya wa choki. Hakikuwaka. Nikaenda kwenye fyuzi, nikaitoa, nikaitazama kwenye jua, nzima. Nikadhani labda springi yenyewe imekufa, basi nikavuta waya mpya kutoka betri nikaugusisha moja kwa moja kwenye kikopo. Nikasubiri. Haikupita dakika mbili kikopo kikaanza kuchoma vidole, na kilango kikanyanyuka taratibu mbele ya macho yangu mpaka kikasimama wima.

Kwa hiyo choki ilikuwa nzima. Kilichokosekana ni umeme. Nikauchukua ule waya wa zamani nikaufuata kwa vidole, kutoka kwenye kabureta, nyuma ya betri, kandokando ya ukuta wa boneti, mahali penye giza ambapo unatumia mkono kuliko macho. Na hapo vidole vyangu vikagusa kiungo.

Kilikuwa kimefungwa tepu nyeusi, na juu ya tepu, uzi wa gunia umezungushwa mara saba na kukazwa kwa fundo moja la pembeni.

Wanangu, fundo lile ni langu. Hakuna fundi mwingine Shinyanga nzima anayefunga waya hivyo. Nilifundishwa na marehemu fundi wangu, na sijamfundisha mtu isipokuwa Deo. Niliuvuta ukatoka. Waya wa choki ulikuwa umekatwa, ncha yake ya upande wa kabureta imezibwa, na umeme wake umepelekwa ndani, kwenye redio.

Nikakaa chini.

Deo alipomaliza kidato cha nne nilimnunulia redio ya kaseti ya gari. Mwezi wa kumi na mbili, jua linawaka, alikuwa amesimama pembeni yangu akiniharakisha. Kuvuta waya mpya kutoka kwenye fyuzi ilikuwa kazi ya nusu saa. Nikaukata wa choki ulio karibu. Deo akaniuliza, "Baba, na choki je?" Nikamwambia, "Joto la Shinyanga linatosha kuifungua, hapa si Ulaya." Na kweli, miezi ile ya joto springi ilijikunjua kwa jua peke yake, gari likaenda bila tatizo, na mimi nikasahau kabisa kwamba nimewahi kugusa kitu pale. Kisha ikaja siku ya mvua, siku ya baridi, gari limesimama.

Pale chini, na uzi ule mkononi, simu ya Deo ikanirudia. Saa nane mchana. Alisema, "Shikamoo baba. Tumekwama korongoni. Gari linatoa moshi mweusi sana, na linataka kuzima kila nikiachia mafuta." Nikamwambia, "Usizime. Betri imechoka, ukizima hutawasha tena." Akasema, "Mguu umechoka kukanyaga." Nikamwambia, "Tafuta jiwe uweke juu ya pedeli." Akasema, "Baba, kichwa kinaniuma, na baba mdogo amelala, namwamsha haamki vizuri." Nikamjibu, "Ni uchovu. Pandisheni vioo msilowe, mlale kidogo, maji yatapungua."

Mlale kidogo. Hilo ndilo neno la mwisho mwanangu alilolisikia kutoka kwangu, na alinitii, maana alikuwa mtoto mtiifu.

Violeth, nipe maji. Kidogo tu.

Niliinuka nikafungua mlango wa gari, nikanyanyua lile zulia la mpira. Kwenye shina la gia, ule mpira unaoziba sakafu haukuwepo, palikuwa na tundu la kupitisha mkono. Nikaingia chini ya gari. Bomba la moshi limepasuka pale pale chini ya tundu, na juu ya ufa kuna bati nililolifunga mimi kwa waya mwaka ule, nikijiambia nitachomelea mwezi ujao. Mkia wa bomba siku ile ulikuwa ndani ya tope. Moshi ungetokea wapi?

Nilimpigia Violeth Geita, kwenye zahanati yake. Sikumwambia kwa nini nauliza. Nilimuuliza tu moshi wa gari unamfanya nini mtu aliyejifungia ndani. Akasema, "Baba, viganja vyao vilikuwa na rangi gani? Mimi mlinizuia nisiwaone." Nikamwambia vyekundu. Nikasikia kitu kimeanguka upande wake, sijui ni kiti, sijui ni nini. Akaniambia kwamba kuna gesi ndani ya moshi ambayo haina harufu wala rangi, inaingia kwenye damu inaigeuza nyekundu kupita kiasi, kichwa kinauma, usingizi unakuja, basi. Akasema injini inayokunywa petroli nyingi kuliko hewa ndiyo inayoitoa zaidi. Akaniuliza, "Kwa hiyo mama?" Nikakata simu.

Mzee Mageni, naona umeshika kichwa. Nakuona. Hukujua, na ulinigeukia mimi niseme ukweli, na mimi nikakudanganya. Fimbo ile ilikuwa yako, uongo ulikuwa wangu, na kati ya hivyo viwili uongo ndio ulioanza. Lakini na wewe unalo la kufanya, nitalisema.

Jumamosi iliyofuata Violeth alikuja akanichukua, tukapanda basi kwenda Ushirombo. Tulimkuta mama yenu kwenye kibanda chake karibu na parokia, anachambua maharage. Amekonda. Nywele zimekuwa nyeupe zote. Hakunisalimu na sikutegemea anisalimu. Nilikaa chini kwenye udongo, siyo kwenye kiti, nikamwambia yote kama nilivyowaambia ninyi, waya, jiwe, simu, "mlale kidogo". Alikuwa anaendelea kuchambua maharage. Nilipomaliza mikono yake ikasimama.

Akaniuliza swali moja. Hakuniuliza kwa nini nilisema sikumbuki. Aliuliza, "Deo aliumia?"

Violeth akapiga magoti akamjibu, "Hapana, mayu. Ni usingizi tu. Hakujua."

Mama yenu akasema, "Miaka kumi na minne naota anaita." Kisha akainuka, akamimina maharage kwenye chungu, akatupa mgongo, na tulipoona hageuki tena tukaondoka. Kwenye basi Violeth alikaa kiti cha mbele, mbali nami. Sikumlaumu.

Sasa shikeni maneno haya, maana pumzi inakatika.

Nyumba hii ni ya Anisia. Katekista, andika: nyumba, kiwanja, na vyumba viwili vya nyuma vinavyopangishwa. Mwenye kuishi humu ataishi kwa ruhusa yake. Akikataa kukanyaga hapa, na anayo haki ya kukataa, basi kodi yake impelekewe Ushirombo, na Violeth ndiye atakayepeleka kwa mkono wake. Vifaa vyangu vya kazi ni vya Marcel. Shamba la kijijini mgawane watatu sawasawa, Eufrasia asipunjwe kwa kuwa ni mdogo au kwa kuwa ni wa kike.

Marcel, usinitazame hivyo. Utanikasirikia baadaye, una miaka mingi ya kunikasirikia. Sasa nisikilize kama fundi. Kabla sijazikwa, leta gari lile mbele ya nyumba, mchana, watu wakiwepo. Fungua boneti. Mwonyeshe kila mtu kilango, kikopo, na kiungo nilichokiacha wazi. Gusisha waya wa betri wakione kilango kikifunguka, utoe wakione hakifanyi kitu. Nyanyua zulia waone tundu. Usiongeze neno na usipunguze. Waambie, baba ndiye aliyekata waya huu, baba ndiye aliyesema jiwe liwekwe, baba alisema uongo hapa hapa uani. Mzee Mageni atasimama pembeni yako, na atakuwa wa kwanza kulitaja jina la mama yako mbele ya wale waliokuja na fimbo. Nusu yao bado wako hai. Mzee Mageni, utafanya?

Amesema ndiyo. Eufrasia, simu imeshika? Mmesikia wote.

Baada ya hapo mkate lile gari vipande, liuzwe kwa wa chuma chakavu. Asipande mtu. Blessing asisogezwe karibu nalo. Na wewe Marcel, popote barabarani, ukimkuta mtu gari lake linafuka moshi mweusi, simama. Usipite. Mwambie afungue vioo kwanza, azime injini kwanza, hata kama hatawasha tena, hata kama atalala porini. Ndipo umtazamie choki.

Marcel, kabla hujafanya lolote kati ya hayo, nenda Ushirombo. Usitume ujumbe, usipige simu. Piga magoti mahali nilipokaa mimi. Usimwambie baba amenituma.

Eufrasia, uliwahi kuniuliza sauti ya mama yako ikoje, nikakuambia nimesahau. Nilikudanganya na hilo. Ni nene kidogo, ya taratibu, na akicheka anaanza kukohoa. Nenda na kaka yako.

Msimlazimishe kuja kwenye mazishi yangu. Mtu asimwambie amsamehe marehemu. Mtu asimtazame kama analia ama halii.

Juu ya kaburi langu... Violeth, niinue... juu ya kaburi langu, nilitaka kulala karibu na Deo. Nilimtuma Violeth aulize, na jibu lilikuja leo asubuhi. Mama yenu amesema, "Alale upande wa Ndaki. Upande wa Deo ni wangu, asinizibie." Basi iwe hivyo. Pimeni vizuri. Mwachieni nafasi ya kutosha, siyo ya kubanwa, na mtu yeyote wa ukoo akisema mwanamke huyu hazikwi kwetu, mwambieni Selestine amesema yeye ndiye mwenyeji, mimi ndiye mgeni.

Leteni vichwa vyenu. Mkono huu hauwezi tena kufika juu, ninyi ndio msogee. Violeth. Marcel, na wewe. Njoo, hata kama hutaki. Eufrasia. Mungu awape macho ya kuona kabla hamjahukumu. Awape kinywa cha kusema ninakumbuka, mbele ya watu, hata mkitetemeka. Nawaombea uzee wenye watu nyumbani. Ile baraka kubwa mtaipata kwa mama yenu, mimi sina uwezo nayo, mkaiombe...

Wabeja, Mageni. Asante kwa kukaa.

Nimechoka sasa. Fungueni dirisha, wanangu. Fungueni... hewa iingie. Na yule mtu wa kuchimba, mwambieni... upande wa Ndaki. Msisahau. Upande wa Ndaki.